Mji Mpya na Mwenye Baraza

Hotuba iliyosomwa na Sheikh mbele ya wanachama wa Jinja na Mbale

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya biashara katika miji yetu hii miwili. Mimi si tajiri wala si mwanasheria. Elimu yangu ni ya chuoni, na baadaye shule ya msingi, basi. Lakini mimi ni mtoto wa fundi cherehani, na aliyelishwa na cherehani ana haki ya kuisemea baraza.

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alishona nguo katika baraza ya duka la Mhindi, barabara kuu ya Jinja. Wazee mnazikumbuka baraza zile. Mhindi aliuza jora ndani, baba akapima na kukata nje, na mnunuzi akaondoka na kanzu yake imekwisha. Mkataba haukuwapo, palikuwapo salamu na kuaminiana. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alipowaamuru Waasia waondoke nchini katika siku 90, duka lile likapewa mtu mwingine, naye hakutaka fundi mlangoni pake. Baba akajitwika cherehani yake, akatafuta baraza nyingine. Miaka ya tisini, wenye majumba waliporudi na kurudishiwa mali zao, mambo yakawa yale yale: akaambiwa ahame. Simlaumu aliyerudishiwa haki yake. Nasema hili tu: mara mbili baba aliondolewa, na mara zote mbili aliyemwondoa alikuwa na karatasi mkononi. Baba alikuwa na cherehani tu.

Sasa, ndugu zangu, wakati wa tatu umefika. Tangu tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zimepandishwa daraja, si manispaa tena bali ni majiji. Masoko makuu ya miji yote miwili yamejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Barabara za katikati ya mji zimetengenezwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Na pembeni mwa barabara hizo majumba ya zamani yavunjwa, na maduka ya ghorofa yainuka.

Mimi si adui wa mambo haya. Aliyekuwa akiuza ndizi katika tope la masika ajua thamani ya sakafu ya saruji na bomba la maji. Na sisi wa Mbale hatuna ruhusa ya kuyadharau mambo ya mpango wa mji. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikachukua roho za watu na mali za watu. Anayesema kila mtu ajenge apendapo, huyo ameusahau usiku ule.

Lakini jumba jipya lina hesabu yake, na hesabu hiyo yatupasa tuielewe. Mjenzi amekopa benki. Deni la benki hulipwa kwa kodi ya pango, kwa hiyo kodi huwa kubwa. Kodi ikiwa kubwa, mlango huchukuliwa na muuza simu na mwenye duka la jumla. Fundi viatu, fundi saa, mshonaji wa nguo za shule, mama wa mandazi, hao huonyeshwa ghorofa ya juu. Na mnunuzi wa nyanya hapandi ngazi. Hukaa huko juu mwezi mmoja, miezi miwili, bila ya kuuza, kisha hushuka na kutandika gunia kando ya barabara. Hapo askari wa jiji humkuta, na bidhaa yake huchukuliwa. Basi mtu yule yule aliyekuwa mfanya biashara jana, leo aitwa mvunja sheria. Naye hakubadilika, kilichobadilika ni mahali.

Na hasara si yake peke yake. Ni nani anayemkopesha jirani kilo ya sukari mpaka mwisho wa mwezi? Si duka la ghorofani. Ni yule mwenye kibanda anayemjua mama yako na kumjua baba yako.

Tutazame dini yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwawekea Waislamu soko lao, mahali pa wazi, na imepokewa kwamba hakutaka lipunguzwe wala litozwe ushuru. Seyyidna Abdurrahman bin Auf alifika mji ule hana kitu. Ndugu yake wa Madina akataka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko liliko. Akaanza na jibini na samli, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa. Fikirini, kama siku ile angeambiwa alipe kwanza kodi ya miezi sita, habari yake ingekwishia wapi?

Na jambo la pili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani imo katika Sura ya Al-Baqara, nayo haisemi juu ya sala wala juu ya saumu; yaamrisha deni liandikwe, mbele ya mashahidi, na watu wasichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa. Liwe dogo! Wazee wetu nao wakasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nchi yetu nayo ina Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022, inayohusu nyumba za kukaa na za biashara. Yakataza kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na yakataza mpangaji kutolewa bila ya amri ya mahakama. Yataka pia mapatano ya kupangisha yaandikwe, lakini ni yale yenye thamani ya shilingi 500,000 na zaidi. Mwenye meza, mwenye kipande cha baraza, mara nyingi yupo chini ya kiasi hicho. Basi mahali ambapo sheria ya nchi haikulazimisha kuandika, dini yetu imetuhimiza tuandike. Hapo ndipo Mwislamu hujulikana.

Nasema haya kwa sababu jambo lenyewe limefika mlangoni petu. Jumuiya yetu ina safu ya maduka kando ya msikiti, mali ya wakfu. Ndani yake na barazani pake wamo watu waliopanga tangu wengi wenu hamjazaliwa. Mmesikia kwamba amekuja mjenzi, ataka kuivunja safu hii, ajenge ghorofa nne, achume kodi kwa miaka 20, kisha aturudishie jumba. Madrasa yetu yavuja, mishahara ya walimu yachelewa. Siwaambii mkatae. Nawaambia msitie sahihi mpaka mambo manne yameandikwa.

Kwanza, kabla nyundo haijaanguka, yafanywe madaftari mawili yaliyo sawa, moja letu na moja la wapangaji, yenye jina la kila mtu, hata yule mwenye cherehani moja barazani. Pili, waonyeshwe mahali pa kufanyia kazi wakati wa kujenga, pawe karibu na njia ya watu. Tatu, sehemu ya ghorofa ya chini iwe yao, katika vipimo vidogo wanavyoviweza. Nne, kodi yao iandikwe kwa miaka inayojulikana, wala nafasi isiuzwe kwa siri kwa ndugu wa mjumbe wa kamati. Na mimi ni mjumbe wa kamati, nianzieni mimi.

Wapo watakaosema, “Sheikh, mjenzi huyu atakimbia.” Huenda akakimbia. Au atabaki na kutupa kidogo, na madrasa ingoje mabati mwaka mwingine. Nakubali kwamba hilo ni zito. Lakini wakfu uliwekwa kwa ajili ya kheri, na watoto wetu hawawezi kusomeshwa maana ya uadilifu chini ya paa lililonunuliwa kwa machozi ya mwenye baraza.

Nanyi wafanya biashara wadogo, msidhani nimekuja kuwasifu tu. Lipeni liseni. Acheni mtaro wa maji wazi. Someni Suratul Mutaffifin, kisha mtazame mizani zenu na makopo yenu ya kupimia. Aliyepewa nafasi asiikodishe kwa mwenziwe kwa bei ya mara mbili, maana huyo naye amekuwa mjenzi dhalimu bila ya jumba. Tena unganeni. Wakulima wa kahawa wa mlima huu wa Masaba, kila mmoja na vimashina vyake, waliunda Chama cha Ushirika cha Bugisu mwaka 1954, na sauti yao ikasikika. Nasi wa Jinja na Mbale, tukiwa na daftari moja na msemaji mmoja, hapana ofisi itakayotuambia kwamba haitujui.

Baba yangu aliniachia cherehani ile. Ipo nyumbani, na mwanangu aitumia, katika baraza ya mtu, bila ya karatasi. Namwomba Mwenyezi Mungu asije mjukuu wangu akasimama mahali hapa na kuwasimulieni habari hii kwa mara ya nne.

Mwenyezi Mungu aitie baraka miji yetu, wakubwa wake na wadogo wake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.