Vijana Wetu wa Malori: Masaa Yao na Malipo Yao

(Haya ni mazungumzo tuliyowapa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Mathira, Kieni na Tetu. Wengi waliomba yaandikwe ili wakayasome na wenzao nyumbani. Tumeyaacha karibu vile yalivyosemwa.)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matanki ya maji. Tumekuja kwa sababu ya vitabu vyenu vya mikopo. Tukipitia vitabu hivyo tunaona kwamba mikopo mingine iliyoandikwa "karo" si karo ya sekondari. Ni karo ya shule ya udereva. Mama anachukua zamu yake ya meri-go-raundi, anaongezea pesa ya ndama, kijana anaenda Nyeri mjini au Karatina, anajifunza, anapimwa na watu wa NTSA, anarudi na leseni. Siku hiyo kuku anachinjwa. Halafu miezi sita baadaye mama huyo huyo anakuja kutuambia hawezi kurudisha mkopo, kwa sababu kijana "anaendesha gari lakini bado hajaanza kulipwa vizuri."

Hilo neno "vizuri" ndilo lililotufanya tuanze kuuliza maswali.

Kwanza, leseni yenyewe. Wazazi wengi hufikiri leseni ni moja tu, ukiipata umekuwa dereva wa lori. Sivyo. Leseni zina ngazi. B ni ya gari dogo. C1 ni ya lori dogo, C ni ya lori la kati, na CE ndiyo ya trela. Hupandi trela moja kwa moja kutoka darasani. Lazima ukae kwanza katika ngazi ya chini. Kwa hiyo kijana mwenye leseni mpya anaanzia kwenye Canter ya viazi, ya kabeji, ya mawe ya kujengea, au lori la kukusanya majani chai. Na huko nako matajiri wanadai uzoefu. Uzoefu ataupata wapi kama hakuna wa kumpa gari? Hapo ndipo anapokubali chochote. Anakuwa taniboi mwaka mzima, anapakia na kupakua, na usiku dereva mkubwa akichoka anampa usukani. Kazi ya dereva, malipo ya taniboi. Wengine wanaambiwa "hii ni treni", maana yake mafunzo, na mafunzo hayana mshahara.

Sasa tuwape habari ya kijana mmoja wa upande wa Naro Moru. Hatutamtaja jina, wala tajiri wake hatumtaji. Kijana huyu alikuwa akilipwa kwa tripu. Tulimwomba atueleze tripu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Alicheka, akasema hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo.

Saa nne asubuhi yuko shambani Kieni. Anazunguka shamba hadi shamba, kabeji hapa, viazi pale, kwa barabara ya matope. Saa moja jioni gari limejaa. Anasubiri broka amalize kulipa wakulima, na wengi wenu mnajua hiyo kusubiri ilivyo. Saa tatu usiku anashuka kupitia Kiganjo, Marua, Karatina, Sagana, hadi Nairobi. Ni karibu kilomita 175. Saa nane usiku yuko Marikiti, kwenye foleni. Anapakua hadi alfajiri. Halafu anatafuta mzigo wa kurudi nao, mbolea au simiti, kwa sababu tajiri hataki gari lirudi tupu. Anafika nyumbani saa nne asubuhi ya siku ya pili. Masaa ishirini na manne. Na tripu za namna hiyo alifanya tatu kwa wiki, wiki ya mavuno hata nne.

"Unalala saa ngapi?" tulimwuliza.

"Mama, nalala kwenye foleni."

Hebu tufanye hesabu pamoja. Tripu tatu za masaa 24 ni masaa 72 kwa wiki. Amri ya mishahara ya kawaida nchini Kenya inasema wiki ya kazi ni masaa 52, yaliyogawanywa katika siku sita. Kwa mtu wa kazi ya usiku ni hadi 60. Kinachozidi ni ovataimu: siku ya kawaida analipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili. Hesabu ya saa moja hupatikana kwa kugawanya mshahara wa mwezi kwa 225. Tuchukue mfano wa shilingi 27,000, kwa sababu inagawanyika vizuri. Saa moja ni shilingi 120. Saa ya ovataimu ni 180. Masaa 20 ya ziada ni shilingi 3,600 kwa wiki, na kwa wiki nne ni 14,400. Ukimhesabu kama mtu wa usiku, bado kuna masaa 12 kila wiki. Na kama hapewi nyumba, sheria inataka aongezewe pesa ya nyumba. Katika amri hiyo ni asilimia 15 ya mshahara, yaani 4,050 katika mfano wetu.

Mzee mmoja hapa amenong'ona kwamba kusubiri broka si kazi. Ni kazi, mzee. Kama hawezi kuondoka kwenda kwake, yuko kazini. Askari wa usiku hasogei, lakini wewe unamlipa.

Juu ya mshahara wa chini. Serikali hutoa tangazo, na dereva wa gari kubwa la mizigo ana mstari wake, juu sana ya kibarua wa kawaida. Katika tangazo la Mei 2022 mstari huo ulipita shilingi 34,000 kwa mwezi kwa miji kama Nairobi na Mombasa. Miji mingine na mashambani ni chini kidogo. Kuanzia Novemba 2024 viwango viliongezwa kwa asilimia 6. Dereva wa lori la kati naye ana kiwango chake. Msikubali kuambiwa "hapa Nyeri hatuna hiyo." Nendeni Ofisi ya Kazi ya serikali mjini Nyeri, mwombe kuonyeshwa karatasi. Kuomba ni bure.

Kulipwa kwa tripu si kosa. Kosa ni pale tripu zote zikijumlishwa mwisho wa mwezi hazifiki kiwango cha chini, au zinafika kwa sababu tu kijana hakulala.

Jambo la masaa ya usukani ni jingine, msilichanganye na hili. Mzee Michuki alipoleta kanuni zake mwaka 2004, malori pia yaliguswa, yalifungwa spidi gavana, na mpaka leo lori halitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Lakini gari likipunguzwa mwendo, dereva bado anaweza kusinzia. Mwaka 2012 Sheria ya Barabarani ilibadilishwa, ikasema mtu asiendeshe gari la abiria au la biashara zaidi ya masaa manane katika kila masaa 24. Sasa angalieni ujanja ulipo. Kijana wetu wa Naro Moru akihesabu masaa ya gari kutembea tu, si ajabu akapata manane au tisa. Polisi akimsimamisha, hana kosa kubwa. Lakini ameamka tangu jana. Huko Ulaya dereva wa lori akiendesha masaa manne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kuna chombo ndani ya gari kinachoandika kila kitu. Hapa kwetu chombo hicho ni dereva mwenyewe na daftari yake.

Na daftari ndiyo tunayotaka kuisemea. Nyinyi vijana, nunueni daftari ya shule. Kila siku andika tarehe, saa uliyoanza, ulikopakia, saa uliyofika, saa uliyopumzika, pesa uliyopewa na aliyekupa. Meseji za M-Pesa usizifute. Wengi wanasema, "Mimi sina kandarasi, nitashtaki na nini?" Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iandikwe, na anayepaswa kuiandika ni mwajiri, si wewe. Kesi ikifika mahakamani naye hana karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Tena aliyeitwa kibarua, akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, sheria inamhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka kwa malipo. Kuna Mahakama ya Ajira hapa hapa Nyeri. Lakini usikae na uchungu miaka mingi: madai yana mwisho wake, miaka mitatu.

Kukatwa pesa ndiko kunakoumiza zaidi. Kioo kimevunjika, kata. Tairi imepasuka, kata. Gunia moja limepungua, kata. Bima nazo huwa na kiasi ambacho mwenye gari anajilipia mwenyewe ajali ikitokea, na dereva akiwa kijana au mgeni wa kazi kiasi hicho huongezeka. Tajiri anakirudisha kwa kijana, mwezi baada ya mwezi. Sheria inaruhusu kukata kwa uharibifu uliofanywa kwa makusudi, na kwa kiasi cha haki. Tairi kuukuu kupasuka si makusudi ya dereva. Na hata makato yote yakiwa halali, hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Lazima theluthi moja ibaki mkononi. Kijana wetu kuna mwezi alirudi nyumbani na deni.

Ajali tutaigusa kwa ufupi, ingawa ndiyo inayotuleta makaburini. Mwajiri anatakiwa kuwakatia wafanyakazi wake bima ya kuumia kazini, na taniboi ni mfanyakazi. Aliyelemaa kabisa hulipwa kwa hesabu ya mishahara ya miezi 96. Dai lipelekwe kabla ya mwaka kuisha. Familia nyingi hupokea jeneza na elfu ishirini za pole, zikanyamaza.

Sasa tufike mahali ambapo mtatukasirikia kidogo.

Ni nani anayempigia huyo kijana simu saa saba usiku kumwuliza, "Uko wapi?" Si tajiri peke yake. Ni sisi. Vikundi vyenu vinakodi malori. Mnataka kabeji ifike Marikiti kabla ya saa tisa kwa sababu bei inaanguka kukipambazuka. Mnaanza kupakia saa nane mchana wakati mngeweza kuanza saa mbili. Mnabishana na broka bei ya gari mpaka inafika mahali ambapo hakuna pesa ya dereva wa pili. Halafu kuna lumbesa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, lakini tunawaona bado mkishona kofia juu ya gunia kwa sababu broka amesema hanunui bila hiyo. Mkulima anapoteza, hilo mnalijua na mnalilalamikia. Lakini gari nalo linabeba uzito ambao dereva hakuuhesabu, na mteremko wa kwenda Sagana hauhesabu magunia. Breki za Canter kuukuu ndizo zinazohesabu.

Na kuna vikundi viwili au vitatu hapa vyenye gari lao wenyewe. Tuliuliza kama dereva ana karatasi ya kazi. Mweka hazina mmoja alituambia, "Huyo ni mtoto wetu." Ndiyo, ni mtoto wenu. Je, NSSF yake inalipwa? Bima ya afya ya SHA je? Hakujibu. Hatukumfuata zaidi siku hiyo, lakini tutarudi.

Tuliyoomba vikundi vijaribu ni machache. Kabla ya kupakia, mwulize dereva alilala lini. Anzeni asubuhi. Pesa ya dereva iandikwe kando na pesa ya gari, naye aipokee kwa mkono wake, si kupitia kwa broka. Akisema amechoka, asimame Sagana au Makutano alale, na mtu asimpigie simu. Hili la mwisho ndilo lililoleta kelele nyingi mkutanoni kuliko yote.

Yule kijana wa Naro Moru alipeleka daftari yake ya miezi mitano Ofisi ya Kazi. Tajiri aliitwa, akaja na ndugu yake, wakabishana nusu siku. Mwishowe alikubali kulipa kwa mafungu mawili. La kwanza limelipwa. La pili bado, na kijana ameacha kazi hiyo, anaendesha gari la kikundi kimoja cha Kieni.

Jumanne moja alisimama njiani akalala masaa matatu. Kabeji ilifika Marikiti jua limetoka, ikauzwa kwa hasara. Mama mwenyekiti wa kikundi hicho alisimama mbele yetu sote, bila hasira, akauliza: "Tulimwacha alale kama mlivyosema. Sasa hiyo hasara ni ya nani, ya kikundi, ya kijana, ama ya ofisi yenu?"

Hatukuwa na jibu. Tumepanga kukaa na vikundi vyenye magari na vile vinavyokodi, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao saa tatu asubuhi, tuone kama inawezekana kila tripu itoe kitu kidogo cha kuweka kando kwa siku kama hiyo. Leteni vitabu vyenu vya hesabu, na madereva wenu, kama watakuwa wamelala.