HASIRA ZA ALASIRI: YANAYOTOKEA MWILINI
(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi, Mji wa Kale, Mombasa)



Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu. Hukumu za saumu masheikh wetu wameshazieleza, mimi sitaziingilia. Nataka tuzungumze juu ya jambo tunaloliona kila siku baada ya Alasiri. Simama Marikiti au njia ya kwendea feri ya Likoni saa kumi na moja jioni. Tuktuk imegusa mkokoteni kidogo tu, na watu wazima wawili waliofunga wanatukaniana mama zao. Ukiwauliza, utaambiwa, "Saumu imenishika." Maskini saumu! Kila kosa letu tunaitwika.

Haya, tuingie mwilini. Katika ubongo kuna kisehemu kidogo mfano wa lozi, madaktari wanakiita amigdala. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku: akisikia kishindo anapiga firimbi kabla hajaangalia kama ni mwizi au ni paka. Firimbi ikilia, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini katika damu. Moyo unaenda mbio, presha inapanda, misuli inakaza. Mwili umejitayarisha kupigana au kukimbia. Angekuwa simba, sawa. Lakini ni mtu wa tuktuk!

Aliye na kazi ya kusema "ngoja kwanza" yuko mbele ya ubongo, hapa nyuma ya kipaji cha uso. Huyo ndiye hakimu, na hasira ikizidi sauti yake haisikiki. Wazazi, hili mulisikie vizuri: sehemu hiyo haikomai mpaka kijana afikie miaka 25 hivi. Kijana wa miaka 16 ana mlinzi mwenye firimbi kubwa, na hakimu wake bado yuko chuoni. Ukimfokea barazani mbele ya wenzake, usitarajie akujibu kwa busara. Wewe wa miaka 45 ndiye uliye na hakimu kamili, basi mtumie.

Mwaka 2014 watafiti wa Harvard, Marekani, walikusanya tafiti za nyuma wakakuta kwamba katika saa mbili baada ya mtu kulipuka kwa hasira, hatari ya shambulio la moyo inakaribia mara tano ya kawaida. Kwa mzima wa afya anayekasirika mara mojamoja, hatari bado ni ndogo. Mwenye presha anayelipuka kila siku, yake yanajumlishwa. Na mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine wa huko huko Marekani: watu waliokumbuka jambo la kuwaudhi kwa dakika 8 tu, mishipa yao ya damu ilishindwa kutanuka sawasawa mpaka dakika 40. Kukumbuka tu, hakuna aliyewatukana! Sasa yule anayehadithia ugomvi wake kila baraza, kuanzia Kibokoni mpaka Ndia Kuu, ahesabu mwenyewe.

Njaa ina mchango wake, sikatai. Lakini wengi wetu si njaa. Kuna aliyekesha tangu tarawehe mpaka daku, na usingizi ukipungua yule hakimu anasinzia. Kuna wa sigara, wa muguka, na wa kahawa tungu. Kichwa kinamuuma, mikono inatetemeka, anawaka. Hilo ni deni la uraibu, halina uhusiano na ibada. Dawa ya usingizi ni qailula, hata nusu saa.

Mtume (s.a.w.) aliombwa wasia na bwana mmoja, akamwambia asikasirike; yule bwana akarudia kuuliza, jibu likawa lile lile. Na akatufundisha kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, isipomtoka alale. Ukikaa, mkono unakuwa mbali na shavu la mwenzako, na pumzi inatulia. Adrenalini yenyewe haidumu katika damu, baada ya dakika chache inapungua, maadamu huiongezei kuni.

Wenye dawa za presha, tafadhalini musiziache kwa sababu ya Ramadhani. Daktari atakupangia za daku na za futari.

Adhana i karibu. Tukishafuturu nitakuwa pale mlangoni na mashine ya kupima presha. Wababa watangulie, maana ndio wanaokimbia.