Mashine ya Kukaushia Nguo Inapokataa Kukausha



Masika yanapoingia, kamba za kuanikia hubaki tupu, na wenye mashine za kukaushia nguo huzitumikisha kutwa. Ndipo malalamiko hutufikia: mashine inazunguka, umeme unaliwa, nguo zinatoka mbichi. Mara nyingi mashine ya namna hiyo si mbovu. Imezibwa pumzi tu.

Mashine ya kawaida hupitisha hewa ya moto kati ya nguo na kuitoa nje pamoja na unyevu. Hewa ikizuiwa, unyevu hubaki. Kwa hiyo anzeni na chujio la nyuzinyuzi, ambalo hupasa kusafishwa kila baada ya mzigo mmoja. Hata linaloonekana safi laweza kuwa limeziba, kwa kuwa dawa za kulainisha nguo huacha utando usioonekana juu ya wavu wake. Limiminieni maji: yakituama badala ya kupenya, liosheni kwa sabuni na brashi laini, kisha likauke kabisa kabla ya kurudishwa. Tazameni pia bomba la kutolea hewa, ambalo hupondwa mashine inaposukumwa mno ukutani. Zile zisizo na bomba hukusanya maji katika tangi. Likijaa, mashine husimama.

Pipa likizunguka bila joto lolote, huenda fyuzi ya joto imekatika. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Fyuzi hiyo imewekwa ili ikatike kabla nyuzinyuzi hazijashika moto. Wapo mafundi wanaoiruka kwa kipande cha waya. Mashine hupona papo hapo, na mteja hufurahia bei. Alichopewa ni gari lisilo na breki. Mwambieni fundi aweke fyuzi mpya, awakabidhi ile ya zamani, na aeleze ni nini kilichoikata.

Mota ikinguruma ilhali pipa limesimama, aghalabu mkanda umekatika, nayo ni kazi ya fundi. Plagi ikiwa ya moto au imebadilika rangi, acheni kuitumia. Nyingi za mashine hizi huvuta wati 2,000 na zaidi, mzigo ambao waya wa nyongeza wa kawaida haukutengenezewa.

Kuna pia mitumba. Mashine nyingi zilizotoka Marekani zina mota ya volti 120 na hezi 60, ilhali umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Kubadilisha plagi hakutoshi, hata muuzaji aape vipi. Someni kibandiko cha mashine kabla ya kulipa.

Mwenye dhamana isiyokwisha asiifungue mashine wala kumwita fundi wa mtaani. Aende kwa muuzaji na risiti, hati ya dhamana na namba ya modeli. Muuzaji akikataa kuipokea, aombwe aandike sababu, na karatasi hiyo iletwe kwetu.