"Kina kibali!" Kibali kipi?

Hii ndiyo hotuba niliyowapa vijana wenzangu hapa Kiambere. Wengi mmeiomba, basi naiweka yote. Mnajua sheria ya uzi huu: hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

Vijana wenzangu, mimi pia natafuta kazi. Mtu akisimama jukwaani aseme "hawa wanapinga maendeleo," najua kwa nini mnapiga makofi. Hata mimi nilikuwa napiga.

Lakini kumbukeni usiku wa tarehe 1 Februari 2024, Embakasi, Nairobi. Gesi ililipuka kwenye kituo cha kujaza mitungi, katikati ya makazi. Watu wakafa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, nyumba na biashara zikaungua.

Kulipokucha, lawama zikaanza kurushwa. EPRA, wanaosimamia nishati na mafuta, wakasema ombi la kibali cha ujenzi walilikataa mara 3 mwaka 2023, manake ramani haikutimiza umbali wa usalama na mtaa umejaa watu. Lakini NEMA ilikuwa imeshatoa leseni ya mazingira, Februari mwaka huohuo. Baadaye ikakiri ilitolewa kinyume cha utaratibu, ikasimamisha kazi maafisa 4.

Hapo ndipo midahalo yetu hupotelea. Mmoja anasema "kina kibali," mwingine "hakina," na wote wawili wanaweza kuwa wakweli! Kiwanda hakipewi ruhusa moja. Kaunti inaidhinisha matumizi ya ardhi na ujenzi, NEMA inaangalia athari kwa mazingira, halafu kuna msimamizi wa sekta yenyewe. Leseni ya mmoja haizibi pengo la mwingine. Kwa hivyo ukisikia "kina kibali," uliza: kipi, cha nani, cha lini?

Kuna wale husema, "Si watu ndio walikifuata kiwanda?" Sawa, wakati mwingine ni kweli. Lakini nyumba nazo huidhinishwa na kaunti. Uliza nani aliruhusu zisogee.

Na msingoje moshi ndio mpige kelele. Uamuzi wa kaunti unapingwa ndani ya siku 14 kwenye kamati ya rufaa ya mipango. Leseni ya NEMA, siku 60 kwenye Baraza la Mazingira. Si hadithi: mwaka 2019 baraza hilo lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Bwawa letu lilianza kutoa umeme 1988, miaka 11 kabla ya sheria hiyo ya mazingira. Wazee wetu hawakuwa na baraza la kuliendea. Sisi tunalo.

Mimi nataka kiwanda kije, hata kesho. Nataka tu kazi ambayo mtu akitoka jioni, anakuta nyumba yake iko pale alipoiacha.

Mwenye swali aulize hapa chini.