MIOME ilijengwa ya nini?

Wengi wenu mnapita Tudor kila siku, mnaona yale majengo ya matao na kuba, mnasema, "Hiyo TUM." Sawa. Lakini wazee wenu bado wanapaita MIOME, na wana sababu.

Mwaka 1948 iliundwa taasisi ya elimu ya Waislamu hapa Mombasa, ili vijana wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Sultani wa Zanzibar alitoa pauni 100,000, Aga Khan 100,000, Mabohora 50,000, na serikali ya kikoloni nayo ikaongeza. Wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951.

Mwaka 1966 milango ikafunguliwa kwa watu wa dini zote. 1972 ikawa politekniki, 2013 ikawa chuo kikuu.

Leo kuna wanaokaa barazani wakisema, "Tulinyang'anywa." Haya, wewe umejaza fomu? Wale hawakuchanga tupate jengo la kujisifia. Walichanga ili mtoto wa Kibokoni, wa Kisauni, wa Lamu, ajue umeme na mashine. Mlango uko wazi. Manung'uniko ya nje ya geti hayatoi fundi. Ingieni.