Kabla ya Kumwona Daktari wa Moyo

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika ukumbi wa parokia)



Leo hatusemi juu ya mbuzi wa maziwa wala mikopo. Tunasema juu ya safari ya kwenda kwa daktari wa moyo, kwa maana vikundi vyetu vinachanga pesa nyingi kwa safari hizo, na mara nyingine pesa zinapotea bure.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka 2022 kikundi kimoja hapa kwetu kilifanya harambee kumpeleka kijana wa darasa la saba katika hospitali kubwa. Alikuwa akiishiwa na pumzi njiani kwenda shule, na miguu ilivimba. Nauli ikapatikana, na sisi wa ofisi ya maendeleo tukaandamana naye pamoja na mama yake. Daktari akauliza maswali matatu tu. Anameza dawa gani? Sindano ya mwisho alidungwa lini? Matokeo ya picha ya moyo aliyopigwa mwanzo yako wapi? Tukatazamana. Dawa zilikuwa nyumbani. Kadi ya sindano ilinyeshewa ikatupwa. Matokeo ya picha hakuna aliyejua yaliko. Ilibidi tulipe picha nyingine, turudi siku nyingine, na kikundi kichange tena. Pesa tulikuwa tumebeba. Habari za mgonjwa tuliziacha nyumbani.

Sasa, ugonjwa wenyewe ulitoka wapi? Kwa watoto na vijana wengi wa Kenya, moyo huharibika kwa sababu ya koo. Mtoto anaumwa na koo, anapata homa, tunampa maji ya chumvi, yanaisha. Lakini kuna vijidudu fulani vya koo ambavyo visipotibiwa vizuri vinaweza kuleta homa ya viungo wiki chache baadaye. Homa hiyo ikirudia rudia inaharibu valvu, yaani ile milango midogo ndani ya moyo inayoongoza damu. Kwa hiyo mtoto mwenye koo na homa apelekwe zahanati, na akipewa dawa azimalize zote. Kwa watu wazima, kinachoharibu moyo mara nyingi ni presha isiyotibiwa, na presha haina kelele. Mtu anaweza kuwa nayo miaka na asisikie chochote.

Basi mgonjwa akiandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa moyo, tufanye hivi.

Kwanza, mfuko mmoja. Weka ndani barua ya hospitali iliyomtuma, vitabu vyote vya kliniki, matokeo ya vipimo, na dawa zote katika pakiti zake. Tunasema zote, hata mitishamba na zile za kununua dukani. Usione haya. Daktari hakuiti mshenzi. Anataka kujua zisije zikagombana na dawa atakazokupa.

Pili, andika dalili nyumbani, siku mbili au tatu kabla. Zilianza lini? Unachoka ukipanda mlima au hata ukitembea uani? Unalalia mito mingapi usiku ili upumue? Miguu inavimba? Umewahi kuzimia? Katika jamaa yenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana? Daktari ana watu wengi mlangoni. Ukiwa na karatasi, dakika chache zinatosha.

Tatu, usiache dawa zako asubuhi ya safari isipokuwa umeambiwa hivyo. Wengine huziacha eti daktari aone presha halisi. Hilo ni hatari.

Nne, bima. Tangu Oktoba 2024 kazi ya NHIF imechukuliwa na SHA. Kujiandikisha peke yake hakutoshi kwa matibabu ya hospitali kubwa. Mchango uwe umelipwa. Ulizeni mapema bima italipa nini, kabla ya kuuza ng'ombe.

Tano, vipimo. Wazee wengine huogopa zile nyaya za kifuani, wakidhani watatiwa stima. Sivyo. Mashine hiyo inasoma tu mwendo wa moyo. Ile picha ya moyo nayo ni kama ile ya mama mjamzito: unapakwa mafuta baridi, kifaa kinapitishwa kifuani, na hakiumi.

Sita, nenda na mtu anayesikia vizuri, na msiondoke kabla ya kuuliza: Ugonjwa huu unaitwaje? Dawa hii ni ya nini, na ni ya muda gani? Nile nini, nifanye kazi gani? Nirudi lini? Dalili gani zinidai nije upesi? Mama ambaye bado anazaa amwambie daktari wazi, kwa maana baadhi ya dawa za moyo na za presha zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiziache mwenyewe, aulize.

Na kuna mambo yasiyongoja siku ya kliniki. Kifua kikibana kama kimewekewa jiwe, na jasho likatoka, au maumivu yakaenda mkononi na kwenye taya; mdomo ukipinda ghafla au mkono ukafa ganzi; mtu akishindwa kupumua akiwa ameketi: mpelekeni hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Turudi kwa yule kijana. Siku ile ndipo tulipojua kwamba alikuwa amekaa miezi mitano bila sindano ya penisilini, ile inayodungwa kila wiki tatu au nne kuzuia homa isirudi. Alionekana mzima, kwa hiyo nyumbani waliona yatosha, na sisi hatukuuliza. Valvu ikazidi kuharibika. Yu hai, tunamshukuru Mungu, lakini daktari amesema atahitaji kupasuliwa, na pengine asingehitaji.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi jambo moja ambalo halina gharama. Mna daftari la akiba. Ongezeni kurasa mbili, kwa ruhusa ya mgonjwa, muandike siku zake za kliniki na za sindano, kisha mchague mwanachama mmoja mwenye kutunza siri awe anamkumbusha. Kikundi cha kijana huyo sasa kinafanya hivyo, na hajakosa sindano tena. Mkutano unapoanza, kabla ya kuhesabu pesa, mwenye daftari aulizwe kama kuna siku ya mtu iliyokaribia.