Upepo ni wa Wote, Mpango Nao Uwe wa Wote
(Mazungumzo na wanakamati wa maendeleo wa parokia)



Leo tumekuja kuzungumza juu ya umeme wa upepo, hasa mitambo inayosimamishwa baharini. Mtasema, "Sisi na bahari wapi na wapi?" Ngojeni kidogo. Tunachotaka mwone ni jinsi watu walivyosikilizwa kabla mitambo haijajengwa.

Kwanza tukiri kosa letu sisi wafanyakazi wa maendeleo. Mara nyingi tumeitisha baraza mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa ofisini. Tunasoma mpango, tunauliza, "Kuna swali?" Watu wanapiga makofi, tunafunga mkutano. Halafu mradi ukikwama tunasema wananchi ni wagumu.

Sasa twendeni Denmark. Nchi hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kujenga kituo cha umeme wa upepo baharini, mwaka 1991, mahali paitwapo Vindeby. Kilikuwa na mitambo 11, nayo iling'olewa mwaka 2017 baada ya kumaliza kazi yake. Baada ya Vindeby, watu wa mji mkuu, Copenhagen, walipanga kujenga kituo kingine mbele ya mji wao, kwenye maji ya kina kifupi yaitwayo Middelgrunden.

Mpango wa kwanza ulikuwa mitambo 27 katika safu tatu. Mwaka 1997 wananchi wakaombwa watoe maoni. Wako waliounga mkono, na wako waliopinga. Walisema mitambo mirefu ya mita 100 hivi, ikirundikwa namna ile, itaharibu sura ya bahari yao. Wengine waliogopa kelele. Wengine walikumbuka kwamba pale ndipo tope la bandarini lilipomwagwa kwa miaka mingi. Wakauliza: mkichimba, sumu iliyolala chini haitaamka?

Angalieni walivyojibiwa. Kuhusu sura ya bahari, mpango ulibadilishwa: mitambo ikapunguzwa ikawa 20, katika safu moja iliyopinda kidogo. Kuhusu kelele, walioogopa walipelekwa kwenye mtambo uliokuwa ukifanya kazi, wakasikia kwa masikio yao wenyewe. Kuhusu tope, uchunguzi wa mazingira ulifanywa kabla ya ujenzi.

Tena kuna jambo la ushirika, na hili tunalielewa vizuri sisi watu wa kahawa na maziwa. Nusu ya mitambo, yaani 10, ilikuwa ya shirika la umeme la mji. Ile 10 mingine ilikuwa ya chama cha ushirika cha wananchi. Waligawa hisa 40,500, na watu zaidi ya 8,500 wakanunua. Kazi ilimalizika mwaka 2000. Hatusemi kila mtu aliridhika. Lakini mtu akiona pangaboi likizunguka na anajua sehemu yake imo, halioni kama la mgeni.

Hapa kwetu tumeona upande wa pili. Kule Kinangop, Nyandarua, palipangwa mradi wa upepo wa megawati 60 hivi. Wakazi walikuwa na maswali juu ya ardhi yao na fidia. Ugomvi ukakua, watu wakaandamana, na mwaka 2016 mradi ukafutwa. Hakuna aliyeshinda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, wanakamati, siku mgeni yeyote atakapokuja na mradi, uwe wa upepo, wa maji au wa barabara, muulizeni haya:

1. Je, mpango huu bado unaweza kubadilika? Kama hauwezi, ametuita kwa nini?
2. Nani atapata faida, na sisi fungu letu ni lipi?
3. Nani hayumo katika mkutano huu? Mvuvi yuko baharini, mfugaji yuko malishoni, mama yuko kisimani. Nani atawafuata?
4. Majibu haya yataandikwa wapi, na nani atayakagua?

Kuuliza si ujinga, wala si kupinga maendeleo. Na sisi wa ofisi ya maendeleo tukija na mpango uliokwisha kupikwa, tuulizeni hivyo hivyo bila kutuonea haya.

Sasa ni zamu yenu, na safari hii hatufungi mkutano mpaka maswali yaishe.